Mivukuto Miwili

Wazee wenzangu hapa Shinyanga wameniuliza zaidi ya mara moja kwa nini siungani nao kuwalaumu vijana wanaojenga magari ya mbio katika nyua za nyumba zao. Hoja zao zinaeleweka. Gari la namna hiyo lina kelele, linameza fedha ambazo zingenunua mabati au ng'ombe, na mwisho wa yote kazi yake ni kukimbia mita 402 katika mstari ulionyooka, basi. Tena ni hatari. Na zaidi ya hayo, husema, ni mambo ya kuiga: yametoka Marekani na Japani, hayana mizizi katika ardhi ya Wasukuma na Wazinza.

Hoja ya hatari ni ya kweli na nitaifikia. Hii ya mwisho, kwamba hayana mizizi kwetu, ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Si kweli, na sisi tuliotumia maisha yetu kufundisha walimu tunawajibika kuisahihisha kabla ya wengine.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Injini ya petroli ni tanuri dogo linalowashwa na kuzimwa maelfu ya mara kwa dakika. Nguvu yake hutokana na moto, na moto huo hula vitu viwili: petroli na hewa. Gramu moja ya petroli huhitaji karibu gramu 15 za hewa ili iungue sawasawa. Kuongeza petroli ni jambo rahisi. Kazi ngumu ni kupata hewa ya kutosha. Injini ya kawaida hujivutia hewa yenyewe kama mtu anavyovuta pumzi, na haiwezi kuvuta zaidi ya kile ambacho anga inampa. Hapo ndipo inapoingia ile ambayo mafundi wetu huiita tabo. Ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika ekseli moja. Gurudumu la kwanza limekaa katika njia ya moshi unaotoka katika injini, na moshi huo hulizungusha zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. La pili, kwa kuwa limefungwa pamoja na la kwanza, huzunguka vivyo hivyo, huvuta hewa ya nje, huibana na kuisukuma ndani ya silinda. Moshi uliokuwa ukitupwa bure sasa unafanya kazi ya kuleta hewa mpya.

Kwa nini ziwe mbili? Kwa sababu gurudumu kubwa ni zito, huchelewa kushika kasi. Dereva hukanyaga mafuta, akangoja, kisha nguvu ikaja kwa kishindo. Magurudumu madogo huamka mapema. Mwaka 1990 kampuni ya Toyota ilitoa injini ya 1JZ-GTE, ya lita 2.5 na silinda sita, yenye tabo mbili, kila moja ikila moshi wa silinda tatu. Injini hiyo iliwekwa katika baadhi ya magari ya Mark II, jina ambalo hakuna mtoto wa mjini asiyelijua. Magari hayo yalipochakaa kidogo huko Japani yalipakiwa melini, yakateremshwa Dar es Salaam, na mengine yakafika kwetu.

Sasa nimrudishe msomaji nyuma, katika misitu ya Geita na Uzinza, kabla mgodi wowote wa Wazungu haujafunguliwa huko. Waliishi humo watu walioitwa Warongo. Kazi yao ilikuwa kuyeyusha chuma. Walichimba mawe yenye chuma, wakachoma mkaa, wakajenga tanuri la udongo, na majembe waliyoyafua yalifika Usukuma na Unyamwezi. Jembe wakati huo lilikuwa zaidi ya kifaa cha kulimia. Lilitolewa mahari, lilibadilishwa kwa mbuzi na nafaka, lilihesabiwa kama mali. Tanuri lenyewe waliliheshimu kama mwanamke anayejifungua, na kazi hiyo ilikuwa na miiko yake mikali.

Moto wa kawaida hauyeyushi jiwe la chuma. Warongo walilijua hilo, na dawa yake ilikuwa mivukuto. Mvukuto ulitengenezwa kwa chungu au gogo lililochimbwa, ukavikwa ngozi, na ngozi hiyo ikapandishwa na kushushwa kwa fimbo. Hewa ilipita katika mrija wa udongo hadi katikati ya makaa. Na mivukuto hiyo ilikwenda miwili miwili. Mmoja ulipokuwa ukivuta hewa, mwenzake ulikuwa ukipuliza, ili upepo usikatike hata mara moja, maana tanuri likipoa kidogo tu kazi yote imeharibika. Walioipiga walipokezana, tena kwa mdundo. Mwenye macho ataona kwamba tatizo lililowafanya mafundi wa Japani waweke tabo mbili, yaani upepo unaochelewa na kukatika, ndilo walilokabiliana nalo Warongo, nao walilitatua kwa kuweka mbili.

Ng'ambo ya Uzinza, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, Wahaya walikuwa na ufundi wa aina hiyo hiyo, na huko wataalamu wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya matanuri ya takriban miaka 2,000 iliyopita. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt, Mmarekani, aliwaomba wazee wa Buhaya wajenge tena tanuri na kuyeyusha chuma mbele yake. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery walichapisha matokeo yao katika jarida la Science. Walieleza kuwa mirija ya udongo iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hivi kwamba hewa ilipashwa moto kabla ya kugusa makaa, na kuwa joto la ndani lilizidi nyuzi 1,800. Wataalamu wengine waliwapinga kuhusu hiyo hewa iliyopashwa moto, na mabishano yakaendelea kwa miaka mingi. Hakuna aliyebisha, hata hivyo, kwamba chuma kilitoka.

Jambo linaloniuma katika habari hiyo ni jingine. Wazee wale walikuwa hawajayeyusha chuma kwa karibu miaka 50. Majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yalikuja kwa bei ambayo tanuri la udongo halikuweza kushindana nayo, na ufundi ukakoma. Walipoombwa waufufue, walilazimika kujaribu zaidi ya mara moja, wakikumbushana, maana hakuna mahali palipoandikwa kiasi cha mkaa, urefu wa mrija wala aina ya udongo. Maarifa ya karne nyingi yalikuwa yamehifadhiwa katika vichwa vya watu wachache waliokuwa wakifa mmoja baada ya mwingine. Kama mgeni yule asingeuliza, yangezikwa pamoja nao.

Lakini mkono wa fundi haukufa. Wahunzi walioacha kuyeyusha chuma waliendelea kufua, na malighafi yao mpya ilikuwa vyuma chakavu, hasa springi za malori. Mwaka 1940 John Williamson, mjiolojia wa Kanada, aligundua almasi Mwadui, mwendo mfupi kutoka hapa mjini, na mgodi ule ulihitaji mitambo, na mitambo ilihitaji mafundi. Vijana wengi wa Usukuma walishika spana kwa mara ya kwanza huko. Upande wa Geita kulikuwa na mgodi wa dhahabu tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Kisha ikaja miaka migumu ya mwanzo wa 1980, ambapo nchi haikuwa na fedha za kigeni za kuagiza vipuri. Tulioishi wakati ule tunakumbuka gasketi zilizokatwa kwa karatasi nene kwa mkasi wa kushonea, na magari yaliyotembea kwa vipande vya magari matatu. Serikali iliwahimiza watu wajitegemee. Mafundi wa chini ya mwembe walikuwa hawana njia nyingine.

Baada ya hapo wachimbaji wadogo walifurika katika ukanda wa dhahabu, Nyarugusu, Rwamgasa, Kakola na kwingineko. Mawe ya dhahabu yaliyokuwa yakipondwa kwa nyundo yakaanza kusagwa kwa karasha, na karasha nyingi zilizungushwa kwa injini za dizeli. Injini inayofanya kazi katika vumbi la mawe mchana kutwa haina huruma kwa fundi wake. Anayeweza kuifanya iwake kesho yake asubuhi amehitimu, hata kama hakuna aliyempa cheti. Na tangu mgodi mkubwa wa Geita ufunguliwe mwaka 2000, kijana wa huko anaweza kuyaona malori ya kubeba mawe ambayo injini zake zina tabo zaidi ya moja. Kwake tabo mbili si hadithi ya ng'ambo.

Ipo sababu nyingine inayoifanya tabo iwe ndugu wa nchi yetu, nayo ni mwinuko. Aliyeibuni ni Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliyepata hataza yake mwaka 1905. Wa kwanza kuona faida yake kwa nchi za juu walikuwa watu wa ndege. Mwaka 1918 Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak huko Marekani, zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, ili kuonyesha kwamba tabo inaweza kuirudishia injini nguvu ambayo hewa nyepesi imeipokonya. Shinyanga hatuko juu kiasi hicho, lakini tuko zaidi ya mita 1,100. Hewa yetu ni pungufu ya ile ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya nane. Gari lisilo na tabo likipanda kutoka pwani hadi huku limepoteza sehemu hiyo ya nguvu zake bila dereva kujua.

Afrika Mashariki iliuona ukweli huo katika mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 yalishindwa na Joginder Singh, fundi wa Nairobi, akiwa na ndugu yake Jaswant, kwa gari la Volvo lililokwisha kutumiwa na wengine katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, kwa Peugeot 404. Hizo zilikuwa enzi za injini zinazojivutia hewa. Kuanzia 1984 hadi 1986 Toyota Celica yenye tabo ilishinda miaka mitatu mfululizo katika nyanda hizo hizo za juu, na mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan akashinda kwa Celica ya aina hiyo. Ninalomkumbusha msomaji ni kwamba Joginder hakuletewa ushindi na kiwanda. Alikuwa mtu anayefungua injini kwa mikono yake, akiwa na gari ambalo wenye nalo walishalichoka.

Nimjulishe sasa kwa kijana mmoja wa mtaani kwetu, ambaye jina lake silitaji. Alijifunza kazi kwenye karasha za Geita, akaweka akiba, akanunua Mark II lililokwisha kazi na injini yenye tabo mbili. Karakana yake ni kibanda cha mabati matano nyuma ya nyumba ya mama yake. Nimekaa humo mara nyingi kwenye kigoda, yeye akiniita Mwalimu na kunieleza kama mtu anayetoa somo.

Nilichojifunza ni kwamba kufunga tabo ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuituni injini ili isijiue. Chukulia kwamba fundi wa pwani na fundi wa Shinyanga wote wanataka hewa yenye mgandamizo mara mbili ya ule wa usawa wa bahari. Wa pwani anaizidisha hewa yake mara mbili. Wa Shinyanga, kwa kuwa anaanza na pungufu, inambidi aizidishe karibu mara mbili na robo. Tabo zake zitazunguka kwa kasi zaidi, na hewa ikibanwa hupata joto. Itatoka ikiwa imepita nyuzi 100. Hewa ya moto ni nyepesi, tena huifanya petroli iwake kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Hapo injini hugonga kwa ndani, na ikiendelea kugonga, pistoni hutoboka au gasketi huungua, na ndipo watu husema injini imenoki. Kwa hiyo hewa hupitishwa kwanza katika intakula, ambayo ni kama rejeta, ipoe. Kisha petroli huongezwa kupita kipimo cha kawaida, hadi gramu moja kwa gramu 12 hivi za hewa, ili ziada hiyo ipunguze joto. Kisha cheche ya plagi hucheleweshwa kidogo. Vipimo vilivyofaa Dar es Salaam havifai hapa bila kurekebishwa, na vya asubuhi ya Julai havifai adhuhuri ya Oktoba.

Yote hayo kijana huyo huyafanya kwa kompyuta iliyounganishwa na kontroboksi ya gari. Lakini pembeni ana daftari la kurasa 96, la aina ile ile tuliyowagawia wanafunzi. Ameandika tarehe, joto la hewa, mgandamizo, rangi ya plagi alipoifungua, na kilichoharibika. Ukurasa mmoja una maneno matatu tu: "Nimeongeza haraka. Imekufa." Hiyo ilikuwa injini yake ya kwanza, na fedha ya mwaka mzima. Ukurasa unaofuata anaanza upya na mgandamizo mdogo, akipanda kidogo kidogo. Nilikaa miaka mingi nikiwahimiza walimu wanafunzi wawafundishe watoto kuchunguza, kupima, kuandika na kujaribu tena. Andiko la Mwalimu Nyerere la mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea, tulilisoma hadi likachakaa. Sioni jinsi ninavyoweza kumkemea mtu anayelitimiza eti kwa sababu ekzosi yake ina kelele.

Sasa ile hoja ya hatari. Gari linalomaliza mita 402 kwa sekunde 11 huwa limefika karibu kilometa 200 kwa saa, yaani mita 55 kwa kila sekunde. Dereva akiona ng'ombe mbele yake, itapita sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki, na breki nzuri kwenye lami kavu zitahitaji mita nyingine zipatazo 200. Jumla ni zaidi ya mita 250. Barabara zetu zina ng'ombe wanaorudi jioni, zina mikokoteni, zina baiskeli zilizobeba abiria na magunia bila taa. Hakuna ustadi wa fundi unaoweza kufuta hesabu hiyo. Anayelijaribu gari kama hilo katika barabara kuu, hata saa nane ya usiku, anaweka rehani maisha ya mtu ambaye hakuombwa ruhusa.

Wamarekani walilipitia jambo hili kabla yetu. Vijana wao walijenga magari nyumbani na kushindana mitaani na katika vitanda vya maziwa yaliyokauka huko California. Mwaka 1951 Wally Parks aliunda chama cha taifa cha mbio hizo, NHRA, na mojawapo ya makusudi yake lilikuwa kuwatoa vijana barabarani na kuwapeleka mahali palipotengwa, penye kanuni na ukaguzi. Hata huko hatari haikuisha. Mwaka 2008, baada ya dereva Scott Kalitta kufa mashindanoni, umbali wa magari yenye kasi kubwa kuliko yote ulipunguzwa kutoka mita 402 hadi mita 305. Wenye mchezo wao hawakuona haya kurudi nyuma, kama kijana wetu asivyoona haya kushusha mgandamizo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wazee wenzangu ni huu. Tusiwakataze vijana kupuliza moto. Babu zetu wa Uzinza waliupuliza. Tudai mambo mawili. La kwanza, gari la mbio lisiguse barabara ya watu. Halmashauri zinatenga viwanja vya mpira na vya minada ya ng'ombe. Kipande cha ardhi kilichonyooka, chenye uzio, na chenye nafasi ya kutosha ya kusimamia, si ombi la ajabu. Hadi kipatikane, kazi ibaki katika karakana, na mwenye gari lisafirishwe juu ya lori kwenda mahali penye ruhusa. La pili, kila fundi aandike. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuupima na kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Aende akapimwe, akiwa na daftari lake mkononi.

Warongo walijua mambo ambayo maprofesa waliyabishania kwa miaka mingi, na hawakuacha ukurasa hata mmoja, kwa kuwa hawakuwa na kalamu. Fundi wa leo anayo. Nimemwomba kijana yule anipe daftari lake la kwanza, lile lenye ukurasa wa injini iliyokufa, nilipige chapa nakala mbili: moja ikae katika maktaba ya shule iliyo karibu naye, nyingine nibaki nayo. Amekubali, kwa sharti kwamba nisisahihishe herufi zake. Nimelikubali sharti hilo.